Tuachieni uani, hata juu ya paa
UANI KWETU
Na Mwanaidi Shomari

Nimerudi Dar es Salaam kutoka Songea, nilikokwenda kumuuguza mama mdogo, nikakuta mawaridi yangu yamechanua. Nilishuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikaunganisha na mwendokasi hadi Gerezani, kisha nikakata mitaa kwa miguu nikipishana na mikokoteni ya marobota. Kichwani nilishakubali kwamba nitakuta vijiti vikavu. Masika yalikuwa yamekwisha, na ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini, ambayo ndiyo bustani yangu, haishiki unyevu kwa jua la Kariakoo. Kumbe uani kulikuwa kwekundu: mengine yamekunjuka yote, mengine ndiyo kwanza vitumba.

Mpangaji mwenzangu, mama muuza vitumbua, alinipokea begi. "Pole na safari, dada. Mgonjwa anaendeleaje? Mawaridi yako hayajalala na kiu."

Kila alfajiri, akishachuja mchele wake aliouloweka usiku, maji yale aliyapeleka kwenye ndoo zangu, akiyamimina shinani bila kulowesha majani, maana jani la waridi likishinda na unyevu hushika madoa meusi. Maji ya kisima chetu hakuyagusa, kwa kuwa yana chumvi na huunguza kingo za majani. Tena alikuwa akikata kila ua lililonyauka, juu kidogo ya jani lenye vijani vitano. Ua likiachwa linyaukie mtini, mti hupeleka nguvu kwenye tunda na maua hupungua. Likikatwa, tawi jipya huchipua, na huchukua wiki sita hivi kufikia kuchanua. Kwa hiyo maua niliyoyakuta hayakuletwa na mvua wala bahati. Yaliletwa na mkono wa mtu aliyekuwa hapa nami sipo, mtu ambaye hanidai wala simlipi. Tunachangia uani, basi.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika wiki hii. Nyumba ya Kiswahili iliyoijenga Kariakoo ina baraza mbele, korido katikati, vyumba pande mbili, na nyuma uani. Huko ndiko watu wa vyumba mbalimbali wanakopikia, wanakofulia, wanakoanika, wanakosukana. Huko ndiko kulikopandwa mrehani na asumini za vikuba, na waridi kwa aliyeweza. Mpangaji akisafiri, mimea yake inaonwa na wenzake wanaokwenda bombani asubuhi. Akiugua, hivyo hivyo: mlango usipofunguliwa hadi jua limepanda, kuna atakayebisha hodi.

Nyumba hizo zinakwisha. Tangu miaka ya 1990 zimevunjwa moja baada ya nyingine, na mahali pake pamesimama maghorofa yaliyojengwa kutoka mpaka hadi mpaka wa kiwanja: fremu za maduka chini, stoo katikati, vyumba juu. Siwalaumu wenye viwanja. Kodi ya fremu inasomesha watoto na kulisha ukoo mzima, na ardhi ya Kariakoo ni ghali. Ninacholilia ni kwamba tulipovunja nyumba, uani tuliuvunja pamoja nayo, na hatukuweka kitu badala yake. Waridi linataka jua la saa zisizopungua sita kwa siku. Mtoto naye anataka jua. Katikati ya kuta mbili za ghorofa kumi, wote wawili wanaliona adhuhuri tu, kwa muda mfupi.

Tukiangalia tulichobakiwa nacho mjini, ni kidogo. Bustani ya Mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1893 imemegwa, na leo ni kipande tu cha ilivyokuwa. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Ubaguzi ule umeondoka, uwanja umebaki, na sasa ni pumzi yetu sote. Usimegwe hata hatua moja. Lakini uwanja wa mji hauwezi kufanya kazi ya uani, kwa sababu Mnazi Mmoja hakuna anayejua ndoo ipi ni ya nani.

Yapo maghorofa yatakayojengwa kesho, na paa la ghorofa lina jua la kutosha. Maghorofa mengi ya Kariakoo yameweka huko matangi ya maji na kufuli mlangoni. Naiomba Halmashauri ya Jiji, iliyochukua nafasi ya Manispaa ya Ilala mwaka 2021, iandike katika masharti ya kibali kwamba kila jengo lenye wakazi liwe na uani wa pamoja, chini au juu ya paa, wenye ukuta wa usalama, bomba na sehemu ya kuanikia. Mkaguzi auangalie kama anavyoangalia ngazi na nguzo. Nanyi wenye majengo yaliyokwishasimama, hamhitaji kusubiri sheria. Kagueni ukuta wa paa, uongezeni kimo kama ni mfupi, kisha wapeni wapangaji ufunguo. Maua watapanda wenyewe, na watatunziana.