Protini katika Vitu Vidogo

Dubu hapatikani katika mwitu wa Afrika Mashariki, lakini mlo wake una funzo kwa majiko yetu. Dubu wengi, kwa ukubwa wao wote, hula zaidi mizizi, matunda na majani machanga. Protini huitafuta kwa subira: sisimizi na mabuu yao, kokwa za miti, na samaki wapandapo mito.

Huko Kocholia, pande za Busia na Malaba, mvua zinyeshapo Wateso huvizia vichuguu wakakusanya kumbikumbi. Sisi wa madhehebu ya Kishafii hatuwali. Lakini masoko hayo hayo ya mpakani huuza dagaa wa Ziwa Victoria, waitwao omena, halali pasi na shaka, waliwao na miba yao.

Basi, mama, nyama ikikosekana usione haya. Kunde za nazi kwa wali, au dagaa kwa ugali, humtosheleza mtoto. Kukosa nyama si aibu. Hasara ni kumlaza mtoto kwa ugali na chai, na dagaa wapo sokoni.