Farasi wa Runinga na Punda wa Barabarani

Wahenga walinena: afe punda, mzigo wa bwana ufike. Methali hii hufunzwa shuleni kama kielelezo cha ukatili wa mwenye nguvu juu ya mnyonge, na wanafunzi huitumia katika insha zao pasipo kumfikiria punda mwenyewe. Mimi huikumbuka kila nitazamapo zile tamthilia za kubuni zitokazo ng'ambo, zenye wafalme, majoka na majeshi ya wapanda farasi. Humo farasi ni tele, lakini aghalabu hana hadhi kuliko yule punda wa methali. Kazi yake ni kufikisha mzigo, na mzigo ukishafika, hatumwoni tena.

Naandika haya nikiwa mpenzi wa farasi aishiye Amalemba, mjini Kakamega. Msomaji ana haki ya kuuliza nimempata wapi mnyama huyo wa kumpenda. Ni kweli kwamba sehemu hizi hazikuwa na farasi tangu jadi, wala sababu yake haikuwa uzembe wa mababu zetu. Mbung'o pamoja na maradhi ya farasi yaenezwayo na usubi vilimfanya mnyama huyo asistawi katika nchi zenye joto na unyevu. Walowezi ndio waliomleta karibu nasi, mathalani Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908. Hata leo, anayetaka kuona mashindano ya farasi hana budi kusafiri hadi Ngong, Nairobi. Basi kwa wanafunzi wetu wengi, mwalimu wa pekee wa habari za farasi ni runinga. Maadamu ni hivyo, yafaa tumkague mwalimu huyo.

Sipingi ubunifu. Fasihi yetu wenyewe imewabuni farasi tangu zamani. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya mbali vya Waislamu na Warumi, ilhali katika visiwa vile aliyebeba mizigo ya kila siku alikuwa punda. Mtunzi ana uhuru wa kutupeleka asikofika. Lakini mtunzi akisema joka huruka na kutema moto, sote twajua ni hadithi. Akisema farasi hukimbia usiku na mchana bila kula wala kunywa, wengi wetu twasadiki, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kweli na hatujapata kumwona mwingine wa kumlinganisha naye.

Hebu tupime. Farasi wa kilo 500 hula takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na hunywa maji lita 20 hadi 40, au zaidi jua likiwa kali. Mbio za kasi kabisa huziweza kwa kilomita chache tu, kisha hutota jasho na kuhema. Katika safari ndefu, mpandaji mwenye busara humwendesha polepole na kumpumzisha, akapata kilomita 40 au 50 kwa siku. Kwa hiyo mtu akiondoka Amalemba alfajiri kwa farasi, huwa amefanya kazi nzuri akifika Kisumu jioni. Nairobi ingemchukua zaidi ya juma zima. Katika runinga, shujaa hutoka pembe moja ya ufalme na kufika pembe ya pili farasi akiwa mkavu, kana kwamba ni pikipiki iliyojazwa petroli.

Pia farasi wa runinga hulia kila mara, akisimama, akigeuka, akipandwa. Farasi wa kweli ni mnyama mkimya. Yeye ni windo la wanyama wakali, na windo halijitangazi ovyo. Husema kwa masikio, kwa mkia na kwa misuli ya ngozi. Milio mingi tunayoisikia huongezwa baadaye na mafundi wa sauti, kwa kudhani kwamba mtazamaji hawezi kuzisoma ishara hizo.

Chukueni mfano wa Game of Thrones, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019. Kazi ile ina mambo ya kusifiwa. Katika pigano kubwa lililoonyeshwa mwaka 2016, makumi ya farasi wa kweli waliofunzwa vyema walitumiwa, na uzito wa kwato zao huwezi kuukosa. Lakini mwaka 2017, joka lilipouawa, watazamaji duniani kote waliomboleza. Mwaka 2019, jeshi zima la wapanda farasi wa Dothraki lilitumwa gizani kuwakabili wafu, taa zao zikazimika moja baada ya nyingine, na farasi wachache wakarudi bila wapandaji. Nani aliwalilia? Joka lililochorwa kwa kompyuta lilipata matanga, naye kiumbe mwenye damu akawa mshumaa wa kuzimwa.

Wala madhara hayakuwa ya hadithini tu. Katika kutengeneza filamu ya The Charge of the Light Brigade, mwaka 1936, farasi waliangushwa kwa nyaya zilizotegwa miguuni, na wengi wakafa. Malalamiko ya umma, hasa baada ya farasi kurushwa kutoka kwenye jabali katika filamu ya Jesse James ya mwaka 1939, ndiyo yaliyoifanya American Humane kuanza kusimamia wanyama wa Hollywood mwaka 1940. Na mwaka 2012, kampuni ya HBO iliisimamisha tamthilia yake ya Luck baada ya farasi watatu kufa. Mabadiliko hayo yaliletwa na watu waliouliza maswali.

Sasa turudi nyumbani. Kakamega hatuna farasi, lakini nchi yetu ina ndugu yake, punda. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, vichinjio vya punda vilifunguliwa na ngozi zikapelekwa China kutengenezewa dawa. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15. Kule Lamu, zahanati ya punda imekuwapo tangu mwaka 1987. Hata hivyo, katika barabara zetu nyingi punda bado huchapwa akivuta mkokoteni uliomzidi nguvu, na apitaye hageuki. Tumezoea kuona mnyama asiyechoka. Runinga inatuthibitishia kila jioni kwamba yupo.

Isidhaniwe kwamba watu wa hapa hawajui kumtazama mnyama. Waisukha na Waidakho wanaofuga fahali wa kupigana humjua kila fahali kwa jina, kwa mwendo na kwa tabia, na hutambua kwa jicho moja aliyelala njaa. Mtu anaweza kubishana nami kuhusu mchezo wenyewe, lakini maarifa yale ni elimu. Ndiyo elimu ninayoitaka mbele ya runinga.

Walimu, msiwakataze wanafunzi kutazama tamthilia hizi. Katazo halifui dafu. Wapeni maswali. Farasi huyu amekula nini leo? Amekwenda kilomita ngapi? Masikio yake yanasema nini? Nanyi wanafunzi, mkishazoea kuuliza hayo kuhusu farasi wa kubuni, mtajikuta mkiyauliza kuhusu punda aliye mbele yenu barabarani, ambaye jibu lake lamhusu kweli. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, ipo katika vitabu vyetu. Kinachokosekana ni macho ya kumwona mnyama kabla hajaanguka.