Una Noah? Kachungulie kale kadude ka mlangoni!

Leo siongelei mapenzi, wala simwongelei yule jirani anayefungulia redio saa kumi za usiku. Leo naongelea mlango. Ndiyo, mlango wa gari! Usifunue ukurasa wa pili kwanza, ngoja nikupe kisa.

Hapa kwetu Mtwara si unajua tena, korosho zikilipa tu Noah zinaongezeka mjini. Shemeji yangu, mume wa dada, naye hakukubali kupitwa. Kavuta Noah yake, ile yenye milango ya kusukuma pande zote mbili, kushoto na kulia. Ukiwasha inakusalimia kwa Kijapani. Shemeji anaiitikia, "Marahaba!" Usicheke, ukinunua ya kwako na wewe utaitikia.

Basi Jumamosi moja dada akasema twende Msimbati tukapunge upepo. Kama hujawahi kufika, pole sana. Ni ufukwe ulio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na mchanga wake umeshikana mpaka watu wanapita juu yake na magari. Tukajipakia: shemeji, dada, mimi mjomba mtu, na watoto wanne wanaopiga kelele kama kumi na wanne.

Tumefika, watoto wanavuta kitasa cha ndani, mlango kimya. Shemeji akaja, akavuta, wapi! Akatoka, akazunguka akafungua kwa nje, mlango huo ukateleza laini kama hakuna kilichotokea. Kuufunga, kuvuta kwa ndani, kimya tena. Shemeji akatikisa kichwa. "Mwanangu, nimeuziwa gari bovu."

Jumatatu gari likapelekwa kwa fundi. Fundi akafungua mlango wote, akatoa kava, akapaka grisi, akapiga nyundo, akakunja elfu 30 akaweka mfukoni. Mlango? Palepale! Ndipo kijana mmoja muosha magari, mtoto wa juzi tu, akafungua mlango, akainama, akachomeka ncha ya ufunguo na kusogeza kadude fulani kadogo. "Hii loki ya watoto, mzee. Ilikuwa imewekwa." Elfu 30 imekwenda na maji, shemeji anamwangalia fundi, fundi anaangalia mwembe.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Kadude kako ukingoni mwa mlango, sehemu ambayo huioni mpaka mlango uwe wazi. Pembeni yake pana karatasi ya maelezo, lakini kwa magari yetu haya ya Japani maelezo yenyewe ni Kijapani, ndiyo maana mtu anakaa na gari miaka mitatu hajui kuna nini hapo. Ukikaweka, mlango haufunguki kwa ndani hata mtoto avute mpaka jasho limtoke. Kwa nje unafunguka kama kawaida. Tena kila mlango una kake! Ukiweka cha kushoto usidhani na kulia tayari.

Na usikachanganye na sentro loki, kile kitufe cha dereva kinachofunga milango yote kwa mpigo. Hicho mtoto mjanja anaweza kukishinda kwa kunyanyua kilimi cha mlango wake. Kadude hakashindi. Kukajaribu ni rahisi: shusha kioo cha mbele, mtu mzima aingie nyuma, mfungie, avute kitasa. Akishindwa kutoka, kamewekwa. Akitoka, bado.

Basi ndugu yenu nikajifanya profesa. Kila Noah ninayoiona mtaani, iwe Chikongola iwe Shangani, nainama kukagua mlango. Na kusema kweli, kwa gari linalotembea kadude hako ni mkombozi. Mtoto wa miaka mitatu haogopi kitu. Anaona kitasa, anavuta. Mlango wa kusukuma haupigwi na upepo ukarudi kama mlango wa kawaida, ukishaachia unateleza, na aliyeuegemea anateleza nao.

Halafu kuna hili la upande. Zile Noah za mwanzo, za kuanzia 1996, zilikuwa na mlango mmoja tu wa kusukuma, kushoto. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, na kama jirani zetu wa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, kwa hiyo abiria alikuwa anashukia pembeni ya barabara. Noah za kuanzia 2001 zikaja na mlango wa kulia pia. Raha, eh? Raha ndiyo, lakini mlango wa kulia unamtema mtoto katikati ya barabara, mbele ya bodaboda asiyejua breki iko wapi! Kwa hiyo loki ya kulia iwekwe siku zote, na watoto washuke kushoto. Hilo halina mjadala.

Na vidole je? Mlango huu unafunguka kwa kurudi nyuma. Ukisimama kwenye mteremko, pua ya gari ikiwa chini, na mlango haujafika mwisho ukashika, unarudi wenyewe mbio. Ukipiga breki kali ukiwa wazi, vilevile. Waulize makonda wa haisi, wengine wana kumbukumbu kwenye kucha. Ufungue mpaka usikie "ka!", ndipo mtoto ashuke. Kufunga ni kazi ya mtu mzima, tena baada ya kusema kwa sauti, "Mikono juu!" Wale wenye Alphard za mlango wa umeme msijidai. Ni kweli mlango unatakiwa kurudi ukigusa kitu, lakini kidole cha mtoto si kifaa cha kufanyia majaribio. Kuna kitufe cha kuzima umeme wa milango, kizime mkiwa na wadogo.

Na mkitoka Msimbati, fagia reli ya chini ya mlango kwa brashi kisha suuza kwa maji baridi ya bombani. Mchanga na chumvi vikikaa mle mlango unakwama, ukikwama mnavuta kwa nguvu, ukiachia ghafla mtu anaumia. Grisi usimwage, mchanga unaipenda sana.

Lakini jamani, loki si mkanda. Loki inazuia mlango usifunguke, haimzuii mtoto kuruka akagonga kiti cha mbele. Julai 26, 2022, hapahapa Mikindani, haisi iliyobeba wanafunzi ilitumbukia shimoni na watu wasiopungua 10 wakapoteza maisha, wengi wao watoto. Mji mzima ulilia. Shirika la Afya Duniani linasema kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto kwenye ajali kwa asilimia 60. Huna kiti? Basi akae nyuma na mkanda wake mwenyewe, mmoja mkanda mmoja. Kumpakata kifuani halafu ukajifunga naye mkanda mmoja si mapenzi, gari likigonga wewe ndiye utakayemkandamiza.

Sasa narudi kwa profesa wenu. Jumapili iliyofuata tuko kwa dada, Noah imepakiwa uani, juani. Loki zote mbili nimeziweka mimi kwa mkono wangu, najisifu. Watoto wanacheza kombolela. Tukala, tukanywa chai, tukapiga soga. Mara dada akauliza, "Mdogo yuko wapi?" Kila mtu anamwangalia mwenzake. Chumbani hayupo, chooni hayupo, kwa jirani hayupo. Dada kaanza kupandisha sauti. Ndipo yule wa kike akasema taratibu, "Mama, si kajificha kwenye gari."

Nilikimbia sijui hata kama nilivaa ndala. Nikavuta mlango. Mtoto amekaa chini, kati ya viti, shati limeloa chapachapa, macho mekundu, amelia mpaka sauti imeisha. Ana miaka mitano. Akaniambia, "Mjomba, nimevuta, mlango umekataa."

Mlango umekataa... Nani aliyeukataza? Mimi!

Maana gari lilikuwa halijafungwa na ufunguo. Kwa nje ulifunguka vizuri, akaingia, akausukuma ukajifunga, na kuanzia hapo kale kadude nilikokasifia mji mzima kakafanya kazi yake ileile: mtoto asitoke. Loki haijui kama gari linatembea au limesimama. Haijui kama ni barabara au ni jua. Wewe ndiye unayejua.

Namshukuru Mungu ilikuwa muda mfupi. Gari lililofungwa juani, dakika 10 tu joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10 hivi, na mwili wa mtoto unapata moto mara tatu mpaka tano kwa haraka kuliko wako wewe. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii sana. Kwa hiyo usimwache mtoto ndani ya gari "dakika moja tu nachukua mkate". Na gari likipakiwa nyumbani, lifungwe lote kwa ufunguo, na ufunguo ukae juu, mbali na mikono midogo. Mtoto akipotea, pa kwanza kutafuta ni ndani ya gari na kwenye buti, ndipo uende kwa jirani.

Mfundishe pia. Sisi tulimfundisha palepale, alipopoa: ukikwama, ruka kiti uende mbele kwa dereva, fungua mlango wa mbele, ukishindwa bonyeza honi na usiache. Magari mengi honi inalia hata ufunguo haupo. Siku hiyo alipiga honi mpaka majirani wakatoka, na safari hii tulicheka. Na ukimkuta mtoto amefungiwa na ufunguo huuoni, usisubiri fundi. Vunja kioo kilicho mbali naye, mtoe, mpeleke kivulini, mpoze kwa maji, wahi hospitali. Kioo kinauzwa dukani.

La mwisho ni pantoni. Wazee wanakumbuka kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, ukitoka Mtwara kwenda Dar ulivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na abiria walishuka kwenye basi kwanza. Haukuwa usumbufu ule. Septemba 29, 2019, kule Likoni, Mombasa, gari aina ya Toyota Isis, nalo lina milango ya kusukuma kama Noah, liliteleza likarudi nyuma kutoka kwenye kivuko likazama na mama na binti yake wa miaka minne. Iliwachukua waokoaji siku 13 kulitoa, mita 58 chini. Kwa hiyo iwe unavuka Ruvuma kule Kilambo au unakwenda Kigamboni, watu washuke kabla gari halijaingia. Dereva abaki peke yake, handibreki juu, vioo chini, loki zote zimetolewa. Maji yakishaukandamiza mlango kwa nje, hata baunsa hausogezi. Kioo ndicho njia.

Basi leo jioni, kabla hujawasha redio, nenda kwenye gari. Lako, la baba, la shemeji, lolote lenye watoto. Fungua mlango, inama, kachungulie kadude. Gari likitembea, kawe kamewekwa. Likisimama, hesabu watoto ndipo ufunge, na uwahesabu kwa kuwagusa kichwa, siyo kwa macho.

Shemeji naye sasa hivi akizima gari, ikimuaga kwa Kijapani, anaijibu: "Subiri, bado nahesabu."

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na yule jirani wa redio ajiandae, zamu yake inakuja!