SAFU YA NYUMBA YETU: Kompyuta inayozimika saa sita mchana



Wiki hii tunazungumza juu ya mashine ambayo sasa imeingia katika nyumba zetu na katika ofisi ndogo za vikundi vyetu: kompyuta. Hatufundishi namna ya kuandika barua ndani yake. Tunataka kusema juu ya joto lake, kwa sababu joto ni moja ya mambo yanayoharibu mashine hizi mapema. Tena kazi ya kulizuia ni kazi tunayoijua: kupangusa, kupanga vitu mahali pake na kuacha hewa ipite.

Mambo huenda hivi. Asubuhi kompyuta inawaka vizuri. Ikikaribia saa sita mchana, feni yake inaanza kulia kwa nguvu. Unaandika neno, nalo linachelewa kuonekana. Halafu skrini inakuwa nyeusi ghafla. Baada ya nusu saa inawaka tena kama vile hakuna kilichotokea.

Nyumbani watu wanatafuta mkosaji, na mara nyingi anakuwa mtoto. “Umebonyeza nini?” Binti aliyekuwa akiandika kazi yake ya kumaliza masomo anakatazwa kugusa mashine. Au kompyuta inapelekwa kwa fundi, fundi anasema prosesa imekufa, na kikundi kilichokusanya likelemba miezi mingi ili kuinunua kinaambiwa kitafute nyingine. Wamama, kabla ya kumkataza mtoto na kabla ya kutoa faranga, tuangalie kwanza vumbi.

Joto linatoka wapi

Ndani ya kompyuta kuna kipande kinachoitwa prosesa. Ndicho kinachofanya hesabu zote za mashine. Sehemu yake inayofanya kazi si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Katika kompyuta nyingi nyembamba za kubeba, prosesa hula umeme wa wati 15 hivi; katika kompyuta nyingi za mezani hula wati 65 au zaidi ikifanya kazi ngumu. Umeme huo wote unageuka joto. Mnakumbuka balbu ya zamani ya wati 60 ilivyounguza vidole. Prosesa ya mezani inatoa joto kama hilo mahali padogo zaidi.

Joto hilo linaondolewa kwa hatua. Juu ya prosesa hupakwa pasta laini inayopitisha joto. Juu ya pasta kuna chuma chenye mbavu nyembamba nyingi, cha aluminiamu au cha shaba. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko aluminiamu. Kisha feni inasukuma hewa katikati ya mbavu, na hewa ya moto inatoka kwenye tundu la pembeni au la nyuma. Hatua moja ikiziba, joto linabaki ndani.

Feni hailetei prosesa baridi. Inaleta hewa ya chumba tu. Chumba chenye digrii 32 kinaipa mashine hewa ya moto zaidi kwa digrii 12 kuliko chumba chenye digrii 20, na prosesa nayo inapanda karibu kiasi hicho. Ndiyo maana mashine iliyofanya kazi miaka mingi Ulaya bila shida inaweza kuanza kuzimika ikifika kwetu Maniema, chini ya paa la mabati.

Kuzimika ni kujilinda

Prosesa za siku hizi zina kipima joto ndani yake. Kwa nyingi, mwisho ni kati ya digrii 95 na 100. Ikikaribia hapo, prosesa inapunguza mwendo wake yenyewe. Ndipo unapoona mashine imekuwa nzito. Joto likizidi kupanda, mashine inajizima isiungue.

Zamani hazikuwa hivyo zote. Mwaka 2001 watu wa jarida la Tom's Hardware waliondoa chuma cha kupozea juu ya prosesa zikiwa zinafanya kazi, ili waone. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo ikaendelea. Athlon ya AMD iliungua katika muda mfupi sana. Leo karibu zote zinajilinda, lakini mashine inayojizima kila siku inachoka. Vipande vyake vinatanuka na kunywea kila mara, na feni inayokimbia siku nzima inakwisha mapema.

Tena tukumbuke kitu kimoja. Bati linalounganisha vipande vya kompyuta linatokana na kasiterite, nayo inachimbwa hapa Maniema, Kalima, Punia na Kailo. Karibu nusu ya bati la dunia hutumika kuunganisha vifaa vya umeme. Madini yanatoka kwetu kwa bei ndogo, yanarudi yakiwa mashine ya bei kubwa. Tukishainunua, tusiiache ife kwa vumbi.

Ni joto au ni ugonjwa mwingine?

Iwasheni asubuhi na mapema, kukiwa na ubaridi. Ikiwa nzito tangu dakika za kwanza, pengine ni virusi, au diski imejaa, au imechakaa. Ikienda vizuri, kisha ikalemewa baada ya nusu saa ya kazi, hasa mchana, hilo ni joto. Wekeni mkono karibu na tundu la kutolea hewa. Feni ikilia sana lakini hewa inatoka kidogo tu, njia imeziba.

Anayetaka kuona namba, kuna programu za bure kama Core Temp na HWMonitor, ambazo mtu anaweza kuleta kwenye ufunguo wa USB. Mashine ikipumzika, digrii 40 hadi 55 ni kawaida. Ikifanya kazi, 60 hadi 80 si neno. Ikipita 90 mara kwa mara, inaomba msaada.

Mahali pa kuiweka

Kompyuta ya kubeba isifanye kazi juu ya godoro, blanketi wala mapajani juu ya kikwembe. Kitambaa kinaziba matundu ya chini. Iwekeni juu ya meza au sinia, kisha mwekee vipande viwili vidogo vya mbao chini ya upande wa nyuma ili hewa ipite.

Kompyuta ya mezani isisukumwe hadi ukutani. Iacheni nafasi ya kiganja nyuma. Isikae chini sakafuni, maana ufagio unaipelekea vumbi kila asubuhi. Isikae karibu na babula wala jikoni. Moshi wa kuni na mvuke wa mafuta unashika kwenye mbavu, na vumbi likija linaganda juu yake.

Na vile vitambaa vizuri vya kushona kwa mkono tunavyofunika televisheni na kompyuta? Ni vizuri mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Vinazuia vumbi na mende, ambao wanapenda sana joto la ndani. Ila kabla ya kuwasha, kitambaa kitoke chote.

Kazi nzito, kama kutazama video ndefu, ifanyike asubuhi au jioni. Mchana ubaki kwa kuandika.

Kusafisha

Mara moja kila miezi mitatu inatosha. Kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8, barabara zikitoa vumbi jekundu, fanyeni kila mwezi.

Zimeni mashine, ondoeni waya wa umeme, toeni na betri kama inatoka. Ngojeni ipoe. Fungueni kifuniko nje ya nyumba, mahali pasipo upepo mkali. Gusa kwanza chuma cha sanduku la mashine, ili umeme mdogo ulio mwilini usiruke kwenye vipande vya ndani. Zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno. Ondoa vumbi kwa brosi laini na kavu, kama ya rangi ambayo haijatumika, kisha puliza kati ya mbavu kwa pompi ya baiskeli, kidogo kidogo.

Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Usitumie kitambaa chenye maji. Kama ni kompyuta ya kubeba yenye skrubu ndogo nyingi na hamjazoea, mpeni fundi, lakini kaeni karibu mwone anachofanya. Wapeleke na mabinti wakaone. Mkono unaojua kuondoa takataka ndani ya mchele unaweza kazi hii.

Pasta ile ya juu ya prosesa hukauka baada ya miaka. Kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya mara nyingi inatufikia pasta yake ikiwa imekauka kama udongo. Kubadilisha pasta ni kazi ndogo: ya zamani inapanguswa yote kwa alkoli, mpya inawekwa kiasi cha punje ya mchele au zaidi kidogo. Mwulize fundi swali hili kabla hajasema prosesa imekufa: “Umebadilisha pasta?” Na asiweke dawa ya meno badala yake. Itasaidia siku chache, kisha itakauka na joto litarudi.

Kuna na msaada usiohitaji kufungua chochote. Katika Windows ya Kifaransa, tafuteni “Options d'alimentation”, kisha mahali penye “État maximal du processeur”. Pakiwa na 100%, wekeni 80%. Kwa kuandika barua na kupiga hesabu za kikundi hamtaona tofauti kubwa, lakini joto litashuka, na mashine itakula umeme kidogo zaidi wa sola au wa jenereta.

Mambo ya kuepuka

Msiweke barafu wala chupa ya maji baridi karibu na mashine, wala msiiingize ndani ya friji. Mnajua chupa iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho. Jasho hilo likitokea ndani ya kompyuta, ndilo litakaloiua kweli. Na mashine ikijizima kwa joto, msiiwashe mara moja. Ipumzike nusu saa.

Wiki hii, kila kikundi chenye kompyuta kichague wamama wawili na binti mmoja wa kuitunza. Waandike kwenye daftari la kikundi tarehe ya kuisafisha, kama tunavyoandika michango. Na kama kuna mtoto aliyekatazwa kugusa kompyuta kwa sababu ilizimika mikononi mwake, aitwe, amweleze mama yake ilikuwa saa ngapi na mashine ilikuwa imewekwa wapi. Majibu yake yanaweza kuokoa mashine, na yeye akarudia kazi yake ya shule.

Tukutane wiki ijayo.