Reli Ipitayo Pembeni

Wako waulizao kama kiwanja cha ndege cha jiji chahitaji reli yake. Swali ni la Dar es Salaam, lakini wenye somo la kutufunza ni watu wa Korogwe na Handeni.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, ikafuata bonde la mto Pangani hadi Moshi mwaka 1911. Ilifuata mashamba na mizigo yake. Handeni ikaachwa kando. Mkazi wa Handeni atakaye garimoshi hana budi kwanza kusafiri kwa barabara kilomita zipatazo 65 hadi Korogwe. Treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi iliporejea mwaka 2019, mtu wa Korogwe aliifuata stesheni kwa miguu. Wa Handeni alilipa nauli mara mbili. Mama mwenye mtoto mgongoni na tenga la kuku mkononi ajua kwamba kuwa karibu na reli si kuwa na reli.

Sasa kitazame kiwanja cha Julius Nyerere. Reli ya Kati yapita jirani yake kuelekea Pugu, na treni za umeme zilizoanza safari za Morogoro mwezi Juni 2024 zina stesheni huko huko Pugu. Lakini mlangoni pa jengo la abiria wa ndege hakuna stesheni.

Wengine husema kwamba wapandao ndege ni wachache, tena teksi wanaimudu. Hoja hiyo ina uzito, ila yamsahau mfanyakazi. Msafiri huenda kiwanjani mara moja moja. Mpakia mizigo, mfagiaji, mpishi na askari huenda kila siku, alfajiri na usiku. Hao ndio wenye haja kubwa ya reli.

London ilifikisha treni zake za kawaida za mjini katika kiwanja cha Heathrow mwaka 1977. Zinasimama njiani, na mwenye zamu hukaa bega kwa bega na mwenye tiketi ya ndege. Johannesburg ilizindua Gautrain mwaka 2010. Hiyo ni treni safi na ya kasi, lakini nauli ya kuingia kiwanjani imewekwa juu kuliko ya safari nyingine.

Basi jibu letu ni hili: kiwanja chahitaji reli endapo itasimama mlangoni, itawahi zamu ya alfajiri, na nauli yake italipika kwa mshahara wa kibarua. Ikikosa hayo, afadhali basi zuri.

Hayo yasemwe kabla chuma hakijalazwa, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Mkoloni hakuwauliza watu wa Handeni. Sisi twaweza kuulizana.