Kabla ya jile, bichi: Kisangani inahitaji pahali salama pa kushusha boti ndogo majini

KISANGANI – Kila mara boti inapozama kwenye mto Kongo, wakubwa wanarudia mambo mawili: ni marufuku kusafiri usiku, na kila abiria avae jile. Maneno hayo ni ya haki. Aprili 2019, baada ya ajali kwenye ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi mwenyewe aliagiza jile iwe lazima kwa kila abiria. Tangu hapo boti zimeendelea kuzama. Kuna jambo la tatu ambalo halitajwi mara nyingi, na kwa mpangilio ndilo la kwanza: pahali boti inaposhushwa majini na watu wanapopandia. Bichi mbaya inaharibu safari kabla moteri haijawaka.

Kwa wakaaji wa Kisangani hili si jambo dogo. Mji umekatwa na mto. Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani ziko ng'ambo ya kulia. Lubunga iko peke yake ng'ambo ya kushoto, na daraja hakuna. Mihogo, makemba, sombe, mkaa na mawese vinavuka kwa boti na mitumbwi kuja sokoni. Wagonjwa wanavuka, wanafunzi wanavuka, wafanyakazi wa leta wanavuka. Toka chini zinapanda boti za Isangi, Basoko na Barumbu. Upande wa juu maporomoko ya Boyoma yamefunga njia, na ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilomita 125 mpaka Ubundu. Njia ya maji inayotoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, inaishia hapa. Mji wa namna hiyo ungepaswa kuwa na bichi nzuri kuliko miji yote ya mto. Lakini boti ndogo nyingi zinashushwa popote penye nafasi: penye tope, penye ukingo uliomegeka, katikati ya mawe na takataka.

Wanaoumia zaidi ni familia zilizohama makwao. Februari 2023 mapigano kati ya Wambole na Walengola kuhusu ardhi yaliwaka ng'ambo ya kushoto. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, maelfu walikimbia. Wengine walilala kwenye mashule na makanisa ya Lubunga, wengine walivuka mto kutafuta ndugu. Mtu anayekimbia hachagui bichi. Anapanda pale boti ilipo, na watoto, godoro na sufuria. Hata mapigano yakipungua, maisha yake yanabaki mtoni: anavuka kwenda kuangalia shamba, anarudi na mzigo wa mihogo, anachelewa, giza linamkuta ukingoni. Kwake yeye bichi ni mlango wa nyumba.

Ajali ya Goma ingekuwa somo la kutosha. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, watu wa ukingoni wakiona. Makumi ya abiria walikufa. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi, na wengi walikuwa wamechukua njia ya maji kwa sababu vita ilikuwa imefunga barabara. Sababu ya kujaa ilikuwa barabarani, lakini kujaa kwenyewe kulifanyika kwenye bichi. Huko ndiko mtu wa mwisho anapopandishwa na gunia la mwisho linapopangwa, na huko ndiko mtu mwenye mamlaka angeweza kusema: imetosha.

Hata Septemba 2025, wakati ajali mbili zilipotokea katika siku mbili mfululizo huko Basankusu na Lukolela, jimbo la Equateur, kwa ile ya Basankusu vyombo vya habari vya serikali vilitaja upakiaji mbaya na safari ya usiku. Upakiaji mbaya unafanyika ukingoni. Safari ya usiku vilevile inaanzia ukingoni, mara nyingi pale ambapo hakuna anayeona boti ikitoka.

Bichi nzuri ikoje? Wavuvi Wawagenia na wenye boti hawahitaji kufundishwa. Ukingo uteremke polepole, chini pawe na mchanga mgumu au changarawe, si tope linalomeza mguu mpaka gotini. Pasiwe kwenye kona ya nje ya mto, kwa maana maji yana nguvu huko na yanakula udongo. Pasiwe karibu na maporomoko: juu yake, moteri ikizima, maji yanaivuta boti kwenye mawe, chini yake kuna mawimbi na maji yanayozunguka. Panafaa pahali maji yametulia, penye nafasi ya kufunga boti pua ikitazama maji yanakotoka, ili mkondo usiipige ubavuni wakati watu wanapanda. Na paonekane mbali, pasijae yale magugu ya maji yanayoitwa Kongo ya Sika, ambayo yanajifunga kwenye moteri.

Tena bichi si ileile mwaka mzima. Mto unapungua mwanzoni mwa mwaka na unajaa sana kuelekea Desemba. Pahali palipokuwa na mchanga mzuri mwezi wa tatu, mwezi wa kumi na mbili paweza kuwa chini ya maji yenye nguvu. Kati ya Desemba 2023 na Januari 2024 mto Kongo ulipanda mpaka kukaribia kiwango cha mwaka 1961. Kwa hiyo haitoshi kuchagua pahali mara moja na kuweka kibao. Lazima kuwe na pahali pa maji madogo na pahali pa maji mengi, na mtu wa kuwaambia watu ni wakati gani wa kuhama.

Haya yanahusu hata boti za kisasa. Siku hizi huduma za afya na mashirika ya misaada yanatumia boti ndogo za chuma au plastiki zinazovutwa na gari juu ya rimorki. Rimorki inahitaji teremko gumu, pana, ambapo gari linarudi nyuma bila kuzama kwenye tope. Teremko hilo likikosekana, boti ya kubeba mama anayejifungua inabaki juu ya magurudumu wakati watu wanatafuta vijana wa kuisukuma. Mtumbwi uliochongwa msituni na kuvutwa juu ya magogo unahitaji teremko lilelile. Ukitengeneza pahali pamoja, umewasaidia wote wawili.

Sasa, kwa nini watu wanapenda bichi mbaya? Jibu la haraka la wakubwa ni kwamba watu hawana nidhamu, na dawa ni kufunga bichi zote zisizo halali. Jibu hilo haliangalii mfuko wa mtu. Penye bandari rasmi kuna huduma nyingi za leta, na kila moja ina karatasi yake na bei yake. Mwenye boti ndogo akilipa hapa, analipa pale, na mara nyingine bila risiti, faida yake imekwisha kabla hajaondoka. Mama mwenye magunia mawili ya mkaa naye analipa toleka au pus-pus ya kumfikisha kwenye bandari ya mbali. Bichi ya porini ni karibu, na haiulizi kitu. Ukiifunga bila kumpa nyingine, hataacha kusafiri. Atashuka mbali zaidi, usiku zaidi, pasipo taa. Marufuku hiyo itakuwa imezaa hatari iliyotaka kuiua.

Wenye boti nao wana neno la kujibu. Wanasema bei ya mafuta imepanda, abiria ni maskini, na boti isiyojaa ni hasara. Ni kweli. Lakini hasara ya boti inayozama ni kubwa kuliko hasara ya viti vitano vitupu, na anayeilipa si mwenye boti peke yake. Watoto wa marehemu wanalipa miaka mingi.

Kwa hiyo kinachohitajika ni kuchagua, kisha kutengeneza. Komine, kamisaria ya mto na Régie des Voies Fluviales ziketi pamoja na Wawagenia, wenye boti, mama wauzaji na wajumbe wa familia zilizohama. Wachague bichi chache kila ng'ambo, zilizo karibu na pale watu wanapoishi kweli. Kila bichi ipewe vitu ambavyo havimalizi hazina ya jimbo: changarawe kwenye teremko, nguzo imara za kufungia, mbao za kupandia ili bibi mzee na mama mwenye mtoto mgongoni wasiruke juu ya maji, taa ya jua, na nguzo iliyopakwa rangi inayoonyesha maji yamefika wapi. Kila boti ipakwe ukanda wa rangi ubavuni. Ukanda ukiingia majini, boti imejaa, na hapo hakuna mabishano, kwa sababu hata mtoto ameona.

Malipo yawe mamoja, dirisha moja, risiti moja, bei imeandikwa kwenye kibao kwa Kiswahili na Lingala. Hilo ndilo litakalowatoa watu kwenye bichi za porini kuliko askari kumi. Sehemu ya pesa hiyo ibaki palepale kwa kurekebisha mbao na teremko, na hesabu yake isomwe mbele ya watu. Familia zenye kitambulisho cha waliohama zivuke bila kulipa kodi ya bichi mpaka zirudi kwao.

Juu ya yote, kuwe na daftari la majina. Mara nyingi baada ya ajali kwenye mito yetu, wa kwanza anasema walikuwa mia moja, wa pili anasema mia tatu, na hakuna anayejua ukweli kwa sababu hakuna aliyeandika. Mtu asiyeandikwa hatafutwi. Familia iliyohama inalijua hilo vizuri, maana tayari ina majina ya watu ambao haijui kama wako hai. Kuandika jina kwenye daftari la bichi kunachukua dakika moja. Bila jina hilo, mama anaweza kungoja ukingoni wiki nzima bila kuambiwa kama mtoto wake alipanda au hakupanda.

Wakati wa kungoja wakubwa, wakaaji wana mambo yao ya kufanya. Kufika bichini mapema, ili kurudi kusiwe kwa usiku. Kuangalia boti kabla ya kupanda: kama watu wanateka maji ndani kabla ya safari, au bidoni za mafuta ziko kando ya mbabula yenye moto, afadhali kungoja nyingine. Aprili 2025, boti HB Kongolo iliwaka karibu na Mbandaka, na kufuatana na habari zilizotolewa, moto ulianza mtu alipokuwa akipika ndani. Watu zaidi ya mia moja walikufa. Kukaa chini, si kusimama wakati boti inaondoka. Kumwachia jirani habari: navuka leo, bichi fulani, nitarudi saa fulani. Vijana wa mtaa wanaweza vilevile kukusanyika kufanya salongo, kuleta changarawe na kukata magugu, bila kungoja barua ya gavana.

Lakini salongo haiondoi wajibu wa leta. Vijana wanaweza kumwaga changarawe. Hawawezi kupunguza kodi wala kumzuia mwenye boti anayejaza kupita kiasi huku mkubwa anageuza uso. Jile inaokoa mtu aliyekwisha kuanguka majini, na ni nzuri. Bichi nzuri inamsaidia asianguke. Maji yatajaa tena mwisho wa mwaka, kama kila mwaka. Kabla hayajafika, mkubwa mmoja wa mji ashuke ukingoni Lubunga jioni, saa mama wanaporudi mashambani, atazame wanavyopanda, kisha aseme ni wapi nguzo ya kwanza itasimamishwa.