Msanii alipogeuka mlezi: Elimo Njau na mzigo wa Paa ya Paa

KATIKA Kanisa Kuu la St James mjini Murang'a mna michoro mitano ya ukutani inayomwonyesha Yesu akiwa Mwafrika, katikati ya milima na vijiji vya Wakikuyu.

Aliyeichora mwishoni mwa miaka ya 1950 ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanganyika, aliyesomea sanaa katika Chuo cha Makerere chini ya Margaret Trowell. Wakati huo hakuwa ametimiza miaka 30.

Mwenye kipawa cha aina hiyo angetarajiwa kushika brashi maisha yake yote. Njau hakuiacha, lakini alijitwika mzigo mwingine. Mwaka wa 1964 alianzisha jumba la sanaa la Kibo huko Marangu. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake, wakiwemo Rebeka Njau, Jonathan Kariara na Hilary Ng'weno, wakafungua Paa ya Paa jijini Nairobi.

Jina hilo lilikuwa fumbo: paa ni mnyama wa mwituni, na kupaa ni kwenda juu.

Sababu ya hatua hiyo si ngumu kuielewa. Uhuru ulikuwa umepatikana, lakini biashara ya sanaa Nairobi ilikuwa ingali mikononi mwa wageni. Mchoraji Mwafrika alihitaji mahali ambapo kazi yake ingepimwa na watu wake kwanza, kabla ya kuuziwa mtalii.

Hata hivyo, uamuzi huo ulikuwa na gharama. Msimamizi wa jumba hutafuta kodi na wafadhili, na hutundika kazi za wengine huku turubai yake ikisubiri. Si ajabu kwamba Njau anatajwa zaidi kwa jumba lake kuliko kwa michoro yake.

Kisha mwaka wa 1997 moto ukateketeza Paa ya Paa pamoja na kazi nyingi zilizohifadhiwa humo. Hasara hiyo haikuwa ya familia moja tu. Ilikuwa sehemu ya kumbukumbu ya taifa, iliyoachwa chini ya ulinzi wa mtu binafsi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo serikali zilizofuatana zilivyoutazama mzigo huu.

Mwaka wa 2020 mchoraji mwingine, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha taasisi ya sanaa ya kisasa jijini humo, NCAI. Armitage ana uwezo ambao Njau hakuwa nao: mchoro wake mmoja uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.5 mnadani mwaka wa 2019.

Juhudi hizo zastahili pongezi. Lakini zaidi ya nusu karne baada ya Paa ya Paa, bado ni msanii anayelazimika kuweka brashi chini ili kujenga ukuta wa kutundikia kazi za wenzake. Kazi hiyo ni ya taifa, na haifai kungoja hadi apatikane mchoraji tajiri.